Kabine ya saikolojia hapa Bukavu kwa wenye kuogopa kutapika na wanasomea udaktari: naipa 4 juu ya 5

Nianze na jibu maana najua wengi mutasoma mistari miwili tu halafu munaenda zenu: ndiyo, inasaidia, na kama unasomea udaktari ao uinfirmie na unaogopa matapishi mpaka umeanza kuwaza kuacha masomo, usiache kabla hujapita kwa hawa watu. Jina lao siliandiki. Ni kabine ndogo ya upande wa Nyawera, mama mmoja mwanasaikolojia na kijana anayemsaidia, hawana kibao kikubwa wala matangazo ya redio.

Kwanza tuelewane naongelea nini. Siongelei kuchukia matapishi, hakuna mtu anayeyapenda. Naongelea ule woga ambao mtu akisema tu "roho inanichafuka" ndani ya taksi wewe unamwomba shofa asimame ushuke hata kama mvua inanyesha, unaacha kula samaki, maziwa unayanusa mara tatu, boti ya Goma huipandi siku ziwa limechafuka, na barabara ya Uvira pale Ngomo kwenye zile kona unakaa umefumba macho na masikio umeziba juu unajua lazima kuna mtoto atatapika kwenye mfuko. Madaktari wanauhesabu kati ya zile fobia maalum, wanauita emetofobia. Mara nyingi unaanza utotoni na unaonekana zaidi kwa wanawake. Wengine wanaogopa kutapika wao wenyewe, wengine kuona mwenzao anatapika, mimi ni yote mawili.

Sasa weka huo woga ndani ya mtu anayetaka kuwa daktari. Miaka ya kwanza unajificha vizuri tu, anatomia, biokemia, unakaa oditwari unaandika, hakuna anayejua. Halafu staji, yale mazoezi ya kazi lopitali, zinafika na hakuna pa kukimbilia, maana zile idara nne kubwa lazima uzipitie zote: kwa watoto wanatapika malaria, kwa wazazi mama akikaribia kusukuma anatapika, kwenye upasuaji mgonjwa anaamka kwenye anestezia anatapika, na kwenye magonjwa ya ndani usiseme. Na sisi tuko mkoa wa ziwa, kolera haitoki huku. Mwenye kuingia kituo cha kolera anajua kile kitanda chenye tundu katikati, ndoo moja chini, ndoo nyingine pembeni kwa matapishi. Mimi hiyo ndoo ya pembeni ilinikosesha usingizi kabla hata sijaiona kwa macho.

Kabla ya kufika Nyawera nilipita mahali kwingine, sipataji. Huko niliambiwa nibadilishe fakilte, eti udaktari si wa kila mtu, nikapewa na vidonge vya kuzuia kutapika niwe natembea navyo. Wandugu, vile vidonge mu mfuko vilinizidishia ugonjwa. Kila nikisikia tumbo linakoroga kidogo mkono unakwenda mfukoni, na siku nimevisahau nyumbani siku hiyo sifanyi kitu. Yule mama wa Nyawera ndiye aliyenifafanulia: woga wenyewe unaleta kichefuchefu, ukisikia kichefuchefu unaogopa zaidi, ukiogopa zaidi tumbo linakoroga zaidi, na kila unapomeza kidonge ubongo wako unaandika kwamba umepona juu ya kidonge, kumbe hata usingetapika. Akaniuliza mara ya mwisho kutapika kweli ilikuwa lini, nikatafuta sana kichwani, ni zamani mno. Anasema wengi wetu wako hivyo hivyo, tunaogopa usiku na mchana kitu ambacho karibu hakitutokei.

Njia yao sasa. Hawakulazi kwenye kiti wakuulize habari za baba yako. Wanakupa karatasi, unachora ngazi, chini unaweka kitu kinachokutisha kidogo, juu kile ambacho ukikifikiria tu unatoka jasho, na kila kimoja unakipa alama kutoka 0 mpaka 100. Halafu munapanda pamoja. Wakati huo huo unaandika orodha ya "magongo" yako, yaani vitu vyote unavyofanya ili usipatwe na woga: kutafuna tangawizi, kupaka mentol chini ya pua, kusimama karibu na mlango, kumwomba mwenzako mubadilishane gardi (zamu ya kazi), kumuuliza mgonjwa kila saa "mama unasikia kama utatapika?" Hilo la mwisho nilifikiri ni utu wema kwa mgonjwa, nikaonyeshwa kwamba ni mimi nilikuwa najitafutia usalama. Magongo wanayaondoa moja moja, hawakunyang'anyi yote siku moja.

Ngazi za chini ni picha na sauti, zinapita. Kikao ninachotaka kuwaeleza vizuri ni kile cha ndoo. Unafika unakuta mezani kuna uji wa soya uliopoa, karoti zimekwanguliwa, mahindi ya kuchemsha kidogo na chupa ya siki. Yule mama anavichanganya mbele yako, hakufichi kitu, unaona kabisa ni chakula cha kawaida. Halafu kijana anaingia nyuma ya paravani, anaanza kufanya ile sauti ya mtu anayejikaza kutapika, ile ya kutoka tumboni kabisa, na uji unamwagwa kwenye beseni unafanya pwaa, harufu ya siki inapanda. Akili inajua ni uji, mwili haujui. Miguu ilikuwa inatetemeka, mikono imekuwa baridi, nikasema nimefika 90. Mama hakuniambia "tulia", hakuniambia "usiogope". Aliniuliza tu, "Unaona rangi gani ndani?" Nikataja. "Vipande ni vya nini?" Nikataja. "Ni kingi ao kidogo?" Tukakaa hapo hapo, hakuna kufungua dirisha, mpaka mimi mwenyewe nikaona naangalia beseni bila kugeuza uso. Woga haukuisha, ulishuka, na kilichoniingia kichwani ni kwamba naweza kuwa nao na bado nikafanya kazi. Mwisho unasafisha mwenyewe.

Na hapo kwenye kusafisha ndipo nilipowapenda, juu wanajua tofauti ya usafi wa kazi na usafi wa woga. Kuna infirmie mmoja mzee wamemwomba awe anakuja kwa sisi wa afya, yeye anakufundisha utaratibu wa kweli: kwenye kituo cha kolera klorini ya 2% ni ya matapishi na choo, 0.2% ni ya sakafu na vitanda, 0.05% ni ya mikono. Glavu ndiyo, kunawa mikono ndiyo. Lakini barakoa mbili moja juu ya nyingine, kunawa mpaka ngozi inapasuka, kuvua nguo zote mlangoni ukifika nyumbani hata kama hukugusa kitu, hayo ni magongo, yanaandikwa kwenye orodha.

Huyo mzee ndiye pia aliyenibadilishia macho. Anasema wewe unaona uchafu, mimi naona habari. Mtoto mchanga akitapika kijani, hiyo ni nyongo, utumbo unaweza kuwa umejisokota, unamkimbiza kwa wapasuaji saa hiyo hiyo. Mtu mzima akitapika kitu kama machicha ya kahawa, kuna damu imevuja tumboni. Katoto ka wiki chache kanarusha maziwa kwa nguvu mbali, hayana kijani, halafu kanataka kunyonya tena palepale, fikiria mlango wa tumbo umekaza. Na mtoto mwenye homa anayetapika kila kitu unachompa, hiyo ni moja ya dalili za hatari, huyo harudishwi nyumbani na sirop. Ukigeuza uso hayo yote yanakupita, na mgonjwa ndiye atakayelipa. Mimi nilikuwa najiona naogopa kwa ajili yangu mwenyewe tu, kumbe kulikuwa na mtoto upande wa pili wa huo woga.

Ngazi za juu zinafanyika lopitali, kwenye staji yako mwenyewe, unampigia yule mama wa kabine simu kabla na baada. Yangu ilikuwa kwa watoto. Mama mmoja ameleta mtoto anaharisha, ameanza kumpa maji ya chumvi na sukari yale ya pakiti, mtoto akanywa kikombe kwa pupa akatapika yote, mengine juu ya koti langu jeupe. Mama akaanza kuniomba radhi, "Pole dokta, pole mwanangu," anataka kunipangusa na kitenge chake. Nilibaki. Nikamwambia si kitu mama, tungoje dakika 10 halafu tunaanza tena polepole, kijiko kimoja, unangoja kidogo, kijiko kingine. Ndivyo kanuni inavyosema, kutapika hakukatazi kuendelea kunywesha, na dripu ni ya yule aliyekauka sana ao anayeshindwa kabisa kunywa. Tukakaa na kile kijiko, mimi na yule mama tunabadilishana, mpaka mtoto akaanza kulia na machozi yanatoka. Mwenye kujua watoto anajua machozi yakirudi ni furaha gani.

Kwa wanaouliza kama ni sayansi ao ni mchezo wa uji: njia yenyewe inajulikana, ni tiba ya kubadilisha mawazo na mazoea pamoja na kumzoesha mtu kitu anachokiogopa. Huko Uingereza ilijaribiwa kwa watu wa woga huu huu, matokeo yakatoka 2016, walikuwa watu 24 tu, vikao 12, na nusu ya waliotibiwa walipata nafuu ya kweli, wakati kwa wale waliobaki kungoja zamu yao bila tiba ni wachache sana. Ni utafiti mdogo, na nusu si wote, yule mama mwenyewe anakuambia hivyo siku ya kwanza kabla hujatoa makuta. Nampendea hapo pia. Jambo lingine, musichanganye na wale wanaoanguka wakiona damu. Wale presha yao inashuka, wanafundishwa kukaza misuli ili wasizimie. Sisi kwa kawaida hatuzimii, kwa hiyo rafiki akikushauri ukaze misuli mbele ya ndoo amekupa dawa ya mtu mwingine.

Sasa kwa nini si 5. Mapokezi, kwanza. Siku ya kwanza unaulizwa kwa sauti "umekuja kwa shida gani" na watu wamekaa pale wanakusikiliza. Bukavu hii ni ndogo, na bado kuna wenye kuamini mtu anayeenda kwa mwanasaikolojia amerukwa na akili. Ukuta ni mwembamba, unasikia chumba cha pili. Wanafunga saa kumi, sasa sisi wa staji tunatoka saa ngapi? Umeme wa SNEL ukikatika kikao cha video kinakufa, wanunue hata betri moja. Karatasi za mazoezi ya nyumbani ziko kwa Kifaransa peke yake, kwa mwanafunzi wa udaktari ni sawa, lakini nimeona dada anayefanya usafi lopitali, ana woga huu huu na yeye ndiye anayebeba zile ndoo kila siku, amekaa na ile karatasi hajui aanzie wapi. Huyo anastahili karatasi ya Kiswahili kabla yangu mimi.

Bei ni dola 10 kwa kikao, wanapokea franka pia, mwanafunzi akionyesha karte anapunguziwa na anaweza kulipa nusunusu. Si kidogo kwa mtu anayepanga chumba Kadutu, najua.

Kuna kitu kinanisumbua nataka nikiseme. Hapa kwetu watu walijua kazi ya wanasaikolojia kupitia mambo makubwa, lopitali ya Panzi tangu 1999 na daktari Mukwege, wanawake waliobakwa wakati wa vita. Njo maana mtu mwenye woga kama wangu anaona haya kuchukua kiti, anasema mimi naogopa matapishi tu, nimwachie nafasi aliyeona vita. Nimeona wenzangu wawili wa promosheni wanaficha hivyo hivyo, mmoja amepunguza kula mpaka mashavu yameingia ndani. Woga unaokukosesha chakula na kazi si mdogo, na huyo wa kupungua uzito aanze kwa daktari wa kawaida apimwe kwanza, hata wenyewe wa kabine wanamrudisha.

Kuhusu kazi gani uchague baadaye, hawakuchagulii. Mtu aliyemaliza pale na akaamua kwenda maabara, macho ao picha za radiolojia, ni sawa kabisa, nchi inawahitaji. Ila muchague juu munaipenda ile kazi, maana hakuna idara isiyo na ndoo kabisa, hata kule skana ile dawa ya kontrasti inaweza kumtapisha mtu. Mimi nilikuwa naelekea maabara juu ya kukimbia. Sasa nataka watoto.

Wa Uvira na Kamanyola mulioniuliza kama lazima mufike Bukavu: vikao vya mazungumzo wanakubali kufanya kwa simu, mupige asubuhi mapema kabla mapokezi hayajajaa, lakini kile cha ndoo lazima uje mwenyewe, na ile safari ya Ngomo yule mama anaiandika kwenye ngazi yako.