Ndoo ya bluu: chumvi ya tenki la matumbawe kwa sisi wa Chuga

Nina tenki la lita 120 sebuleni huku Sakina, Arusha, mwaka wa tatu huu, lina klaunifishi wawili, kamba mmoja na matumbawe laini ya kawaida tu. Juzi fundi wa king'amuzi kaja, kaniona nakoroga chumvi kwenye ndoo, kaniuliza "sa bro, hawa mnawaunga chumvi kabisa wakiwa hai?" Nimecheka mpaka basi, ila usiku nikakaa nikahesabu hela niliyomwaga kwenye chumvi tangu nianze, nikaona bora niandike mwingine asipite nilikopita mimi.

Kwanza lile swali la kila mtu, kwa nini usitie chumvi ya dukani. Chumvi ya Uvinza ni nzuri kwenye ugali na dagaa, ila ni chumvi tupu, sodiamu na kloraidi na madini joto kidogo. Watu wanaelewa hilo afu wanakuja na la pili, basi tumia ya mawe ya Bagamoyo si imetoka baharini. Imetoka baharini ndio, lakini sio bahari! Pale kwenye mashamba ya chumvi maji yakikauka kinachotangulia kuganda chini ni chokaa na jasi, kalsiamu yako imeishia hapo, inafuata chumvi yenyewe ndo wanayoikwangua, magneziamu inabaki kwenye yale maji machungu ya mwisho yanayomwagwa. Kwa hiyo unacholetewa ni kipande cha katikati tu, na tumbawe linataka vyote, kalsiamu kama miligramu 420 kwa lita, magneziamu kama 1300 na KH (kipimo cha kabonati kwenye maji) angalau 7 kama ilivyo baharini kwenyewe.

Nikajifanya mjanja, nina shemeji Tanga, nikamwambia anitumie maji ya bahari kwa basi, madumu matano ya lita ishirini. Kondakta kachaji mzigo mrefu, madumu mawili yalivuja njiani, abiria wa siti za nyuma nadhani wananitafuta mpaka leo. Afu ilikuwa masika, mito imejaa inamwaga baharini, nikapima ukali wa chumvi nikakuta 30 badala ya 35 ya bahari. Shemeji hakukosea, alichota palepale ufukweni, ila ukitaka maji ya bahari ya maana uende na boti mbali na mto, sa mi niko Arusha boti nitoe wapi.

Basi ni chumvi ya kutengenezwa, iliyochanganywa na madini ya bahari. Ya kwanza nilinunua kwa muuzaji mmoja wa Dar (simtaji) aliyekuwa anapima kilo kwenye mfuko wa nailoni. Ilifika imegandamana kama tofali, nikaigonga na mwichi, nikakoroga siku nzima maji hayataki kutakata, chini umebaki unga mweupe, kupima KH nakuta 5. Ndo nikajifunza kitu ambacho nilitakiwa nikijue mapema, hii chumvi ikishika unyevu kalsiamu na kabonati zinashikana humohumo mfukoni, zikishashikana ndo basi, huo unga mweupe ndo hela yako imekaa chini ya ndoo. Joto na unyevu wa Dar unaujua, chumvi ikishafunguliwa kule ikasubiri wiki mbili imekwisha. Tangu siku hiyo sinunui ya kupimiwa, hata ikiwa nusu bei.

Sa ninayotumia, mwaka na zaidi sasa, ni ya kampuni ya Red Sea, ndoo ya bluu, ile ya kilo 7. Angalia vizuri hapa maana wana ndoo mbili zinachanganya watu, ya bluu KH yake ni karibu 8, ya nyeusi inaitwa Coral Pro ni karibu 12. Watu wanaona neno Pro wanalipia, wakati ile ni ya mtu aliyejaza matumbawe magumu yanayojenga mifupa kila siku na kuila hiyo kalsiamu. Mimi mwenye matumbawe laini hayali chochote cha maana, piga hesabu, nikibadilisha lita 15 kwa wiki kwenye tenki langu lenye KH 8 kwa maji ya KH 12, wiki ya kwanza inapanda nusu, zinazofuata inapanda pungufu kidogokidogo, baada ya miezi miwili niko kwenye 10 na ushee bila kukusudia, na tumbawe linachochukia kuliko namba yoyote mbaya ni namba inayotembea. Ndo maana chumvi naichagua kwa KH kwanza, iendane na tenki langu, mengine baadae. Kwa mtindo huohuo Instant Ocean, chumvi kongwe ambayo wengi wameanza nayo, inakuja na KH kama 11, sio mbaya, inafaa samaki na mwenye matumbawe magumu. Tropic Marin ya Mjerumani nasikia inasifiwa sana ila hapa kwetu sijaiona kwa macho.

Ya bluu inayeyuka haraka, ndani ya saa moja maji yameng'aa, harufu hamna, na ndoo tatu nilizopima zimetoa KH 8 zote. Kufika 35 natumia gramu 38 kwa lita, kwa hiyo kilo 7 ni kama lita 180, wiki kumi na mbili kwangu. Bei inakaribia gunia la mahindi, mke wangu ananiangalia tu. Shida ni upatikanaji, huku Arusha hamna duka, naagiza Dar inakuja na basi, ikikata inakata, hivo ikibaki nusu ndoo naagiza nyingine. Na usije ukafunga ndoo kizembe, mi natia na vile vipakti vya viatu vipya vya kunyonya unyevu, vikiwa kwenye kitambaa juu ya chumvi.

Maji ya kukorogea ndo kesi nyingine kwetu. Sisi tuliokulia upande wa Ngarenanyuki meno yetu yanajieleza, floraidi. Bahari yenyewe ina kama miligramu 1.3 kwa lita, sa ukichukua maji yenye floraidi nyingi kuliko bahari afu ukaongeza chumvi yenye floraidi yake, umeenda wapi? Nunua mashine ya RO (inayochuja maji mpaka yabaki karibu matupu), hamna njia ya mkato, chumvi ya bei mbaya kwenye maji ya bomba ni kujidanganya. Unatanguliza maji, unawasha pampu na hita mpaka 25 (Julai ya Chuga bila hita utakoroga mpaka uzeeke), ndo unamwaga chumvi kidogokidogo. Ukitanguliza chumvi ule unga mweupe unarudi.

Na hapa niirudie ile ya Uvinza maana nimeionea. Refraktometa yangu, kile kifaa cha kupimia ukali wa chumvi, ilikuwa inasoma uongo karibu namba mbili, dawa ya kuisetia nimeikosa mji mzima, nikachukua mzani wa keki wa mama watoto, gramu 36.5 za chumvi ya jikoni na gramu 963.5 za maji ya RO, ukichanganya hayo refraktometa inatakiwa isome 35. Ipo chupani jikoni, imeandikwa SIO YA MBOGA.