Mitandio ya Kariakoo: kitambaa kizuri, kauli mbovu

Anayetafuta mtandio Dar es Salaam atamaliza haja yake Kariakoo. Mtaa wa Kongo na vichochoro vyake vina mitandio ya jezi (kitambaa kinachovutika), shifoni, krepu, pamba, vilemba vilivyokwisha kufungwa, nikabu na hijabu za shule. Kwa bidhaa, soko hili linastahili sifa. Huduma ndiyo inayoliangusha, na tutaieleza bila kuificha.

Tuanze na jezi, maana ndiyo inayowadanganya wengi. Shika kipande cha sentimita 10 kwa upana, kivute hadi 15, kisha kiachie. Kisiporudi mahali pake, baada ya kufuliwa mara chache mtandio utalegea na kukushukia usoni. Nenda na futi kamba. Mtandio mrefu wa kawaida una sentimita 170 hadi 180 kwa 70 hadi 80. Ukipungua 160, ncha haitafika bega la pili, na anayetaka kufunika kifua atabaki akiuvuta siku nzima. Ukishaufua, uanike kivulini ukiwa umelazwa kwenye kamba mbili. Ukiutundika kwa ncha, uzito wa maji utaurefusha upande mmoja.

Shifoni ni nyepesi na bei yake ni ya chini, lakini inaonyesha na inateleza. Itandaze juu ya kiganja juani: ukiweza kuhesabu vidole, utahitaji kikofia cha ndani. Chukua cha pamba, kwa sababu kinashika kitambaa. Cha satini ni laini kwa nywele ila hakiizuii shifoni kuserereka. Mpira wa kikofia ukiacha alama kwenye paji la uso, unabana mno. Utaleta maumivu ya kichwa, na ukivaliwa hivyo kila siku, nywele za mbele zitakatika. Pini za kawaida huvuta nyuzi za shifoni. Pini za sumaku haziitoboi, ila hushindwa na krepu nene, na aliyewekewa kifaa cha kurekebisha mapigo ya moyo asizivae kifuani.

Krepu huanguka vizuri na haihitaji pasi sana. Lakini nyingi ni polista, na joto la Disemba hadi Machi litakusulubu ndani yake. Muuzaji akisema ni pamba, omba uzi mmoja uuchome: pamba huacha majivu, polista huyeyuka ikawa kidonge kigumu. Jambo hilohilo ndilo linaloifanya polista kuwa hatari jikoni, kwani ikishika moto hugandia ngozi. Kwenye bodaboda, ncha zote ziingie ndani ya nguo kabla ya kupanda. Zikinaswa na gurudumu zinakaba shingo.

Sasa kauli za wauzaji. Mteja anaulizia kilemba kinachoacha shingo wazi, anaambiwa, "Dada, hiyo siyo stara." Mwingine anataka nikabu, anaambiwa, "Mrembo kama wewe unajificha nini?" Wa tatu akija na mumewe, muuzaji anamgeukia mume kuuliza rangi. Wateja hao watatu wametendewa jambo moja: kichwa ni cha mwanamke, uamuzi umechukuliwa na mwanamume asiyehusika. Hiyo ni dharau kwa wanawake, hata ikisemwa kwa tabasamu na kuitwa nasaha. Wanaopenda kunukuu Surat An-Nur ya Kurani wakumbuke kwamba aya ya 30, inayowaamuru wanaume wainamishe macho yao, imetangulia aya ya 31 inayozungumzia mitandio ya wanawake.

Udhia huu hauchagui upande. Iran sheria inawalazimisha wanawake kufunika nywele, na Mahsa Amini alifariki Septemba 2022 akiwa mikononi mwa polisi waliomkamata kwa sababu ya hijabu. Ufaransa, sheria ya 2004 iliwavua wasichana hijabu katika shule za serikali, na ya 2010 ikakataza kufunika uso hadharani. Muuzaji wa Kariakoo hana polisi wala bunge, lakini kazi yake ni kuuza alichoombwa, na hata hiyo anaishindwa.

Duka la kupewa pesa yako lina kioo kirefu, pazia la kujaribia, na muuzaji mwanamke wa kumsaidia mvaaji wa nikabu. Machache yana vyote vitatu. Mezani barabarani hutapata hata pazia. Ukianza kupewa mawaidha, sema, "Kaka, nimeulizia kipimo," kisha nyamaza. Akiendelea, hamia meza ya pili, bidhaa ni ileile. Nenda asubuhi, na epuka wiki ya mwisho ya Ramadhani, wakati bei inapanda na hakuna nafasi ya kufungua mtandio wote kuukagua. Uliza masharti ya kurudisha kabla ya kulipa; mtandio uliokwisha kutobolewa na pini haupokelewi.