Mgawo wa YouTube au Malipo ya Wafanyabiashara?
Anayetaka kuishi kwa kutengeneza video hukabiliwa na njia mbili: mgawo wa matangazo ya YouTube, au malipo ya wafanyabiashara wanaotaka bidhaa zao zitangazwe kwenye video zake. YouTube hudai wafuasi 1,000 na saa 4,000 za kutazamwa ndani ya miezi 12, kisha humpa asilimia 55 ya mapato ya matangazo kwenye video ndefu, wala hailipi mpaka salio lifikie dola 100. Lakini somo la kupika pilau lililopakiwa mwaka juzi huendelea kuingiza fedha bila kuguswa tena. Muuza vitenge aweza kulipa leo kwa simu, ila kila tangazo ni mapatano mapya, na pasipo maandishi malipo huchelewa. Mwenye kodi ya nyumba mlangoni aanze na muuza vitenge. Mwenye mshahara kwingine aweza kuisubiri YouTube.