Kliniki ya mishipa ya miguu Nairobi: daktari aliyenipima nikiwa nimesimama

Nimefundisha shule ya msingi Mombasa kwa miaka 26, na mishipa ya mguu wangu wa kushoto ilianza kutuna baada ya ujauzito wa pili. Kufikia mwaka jana ilikuwa imejisokota kama kamba kuanzia goti hadi kifundoni, ambako ngozi ilikuwa imegeuka nyeusi na kuwa ngumu. Mahali pa kwanza nilipokwenda nililazwa kitandani, nikatazamwa kwa dakika chache, kisha nikauziwa soksi za kubana bila mtu kuupima mguu wenyewe. Zilinikata chini ya goti nikaziacha. Mahali pa pili nilipewa mafuta ya kupaka.

Nairobi nilipokelewa na daktari bingwa wa mishipa ya damu, na neno lake la kwanza baada ya kunisikiliza lilikuwa, "Mwalimu, simama hapa." Nilipanda kwenye kibao, nikauegemeza uzito wangu mguu wa kulia, naye akapitisha kifaa cha utrasaundi kutoka kinenani kwenda chini, akiminya shavu la mguu na kuliachia. Kwenye kioo niliiona damu ikipanda kwa rangi moja, kisha ikirudi chini kwa rangi nyingine. Alinieleza kwamba vali, yaani vilango vidogo ndani ya vena (mishipa inayorudisha damu moyoni), ndizo zinazoizuia damu kurudi chini, kwamba ikirudi kwa zaidi ya nusu sekunde huhesabiwa kuwa ni hitilafu, na kwamba anayelazwa anaweza kupimwa asionekane na shida yoyote, kwa kuwa damu hurudi chini kwa uzito wake mtu akiwa amesimama. Mishipa niliyoiona mimi ilikuwa matokeo tu. Iliyoharibika ilikuwa vena ya safena kubwa, inayopita ndani ya paja hadi kinenani.

Kabla ya kuzungumzia soksi alilinganisha shinikizo la damu la kifundoni na la mkononi, maana kumbana mguu mtu ambaye ateri zake (mishipa inayotoa damu moyoni) zimeziba kunaweza kumdhuru. Aliniuliza pia kama kuna aliyewahi kuganda damu katika familia yetu. Alisema wazi kwamba hakuna mafuta yanayotengeneza vali, na kwamba mwongozo wa Uingereza wa 2013 wa kutibu mishipa hii unatanguliza kuiziba vena mbovu kwa joto, kisha sindano ya povu la dawa inayoiziba, na upasuaji wa kung'oa ndio wa mwisho.

Nilizibwa kwa leza, chini ya saa moja, nikiwa macho. Sitamficha msomaji: sindano nyingi za ganzi zinazozungushwa kando ya vena pajani zinauma, ingawa leza yenyewe sikuihisi. Niliteremka kitandani nikatembea kwa miguu yangu. Daktari alipojua kwamba ningerudi kwa treni alinitaka nibaki Nairobi wiki nzima, nitembee kila siku, nisikae kitako muda mrefu, kisha akanipima tena kuhakikisha kwamba damu haijaganda katika vena za ndani. Uangalifu huo ndio ulionifanya nimwamini.

Mapungufu yapo. Siku ya kwanza nilingoja saa tatu kupita miadi yangu, na hakuna aliyeniomba radhi. Hakuna pia aliyeniambia kwamba siku ya tano hivi paja lingekaza kama uzi unaovutwa na damu ingevilia chini ya ngozi. Nilishikwa na hofu kubwa hadi muuguzi alipopokea simu na kunituliza. Jambo kama hilo lilistahili kuandikwa kwenye karatasi ya maelezo. Bima yangu nayo ilikataa kulipa mwanzoni ikidai kwamba huu ni urembo, ikakubali baada ya daktari kuandika kwamba mguu umefika daraja la C4, yaani ngozi imekwisha kubadilika.

Sasa ni miezi 3. Ninafundisha vipindi vya asubuhi na mchana bila mguu kuwaka moto, na mishipa midogo iliyobaki itachomwa sindano ya povu mwezi ujao. Anayekwenda avae dera au suruali pana, kwa sababu bandeji hufika hadi juu ya paja, na aombe soksi zake zipimwe asubuhi, kabla mguu haujavimba.