Tathmini ya Kozi ya Vipassana ya Siku 10

Kozi ya siku 10 ya Vipassana, aina ya tafakuri ya Kibuddha inayofanywa kwa kuketi kimya, kwa namna ilivyoenezwa na S. N. Goenka, imejengwa juu ya fundisho la Buddha kwamba furaha na huzuni za mwanadamu chimbuko lake ni nafsi yake mwenyewe. Goenka hakuwa mtawa. Alikuwa mfanyabiashara wa Burma aliyemwendea mwalimu wake, U Ba Khin, mwaka 1955 akitafuta nafuu ya kipandauso, na mwalimu huyo naye alikuwa mhasibu mkuu wa serikali. Huenda ndiyo sababu maelekezo ya kozi hayana mapambo mengi: mtu huambiwa la kufanya, kisha huachwa alifanye.

Ratiba ni nzito. Kengele hulia saa 10 alfajiri, chakula cha mchana huliwa saa 5, mhadhara uliorekodiwa huanza saa 1 usiku, na muda uliosalia karibu wote ni wa kuketi. Simu, vitabu na hata kalamu hukabidhiwa siku ya kufika, na washiriki hawasemezani mpaka siku ya 10. Siku za mwanzo hutumika kuangalia pumzi inavyopita puani. Siku ya 4 huanza Vipassana yenyewe, yaani kuupitia mwili kwa uangalifu kutoka utosini hadi unyayoni, bila kukimbia linalouma wala kung'ang'ania linaloburudisha.

Thamani ya kozi niliiona katika vikao vya saa nzima ambavyo mshiriki huazimia kutojongea. Ukumbini hapakuwa na aliyenitukana wala aliyenisifu, lakini ndani ya kikao kimoja nilighadhibika kwa ajili ya deni ambalo mdaiwa wangu pengine amekwisha kulisahau, nikabana kicheko kwa kukumbuka utani wa harusini, kisha nikasononeka bila sababu ya kutajika. Goti la kushoto likaanza kuwaka moto. Nilipoacha kujiuliza zimebaki dakika ngapi, maumivu yalikaa palepale, ila hofu iliyoambatana nayo ilipungua, nikatambua kuwa muda wote nilikuwa nikivihesabu vitu viwili kuwa kimoja.

Mihadhara ya jioni haikuniridhisha kwa kiwango hicho. Ina ucheshi, na baada ya ukimya wa kutwa sauti ya mtu yeyote ni burudani, lakini humwelekeza mno msikilizaji aone kila dhiki kuwa zao la nafsi. Mama aliyetolewa vyombo nje kwa kushindwa kodi hakujitungia huzuni yake; lililo mikononi mwake ni kuirudiarudia au kutoirudiarudia usiku kucha. Sehemu hiyo si ndogo, na ndiyo ambayo kozi huishughulikia vyema.

Lipo jambo la kupimwa kabla ya kujaza fomu: kwa muda wote wa kozi mshiriki hutakiwa kusimamisha ibada zake, iwe ni swala, rozari au tasbihi, na Muislamu anayeshika swala tano hawezi kulichukulia sharti hilo kwa wepesi. Fomu huuliza pia kuhusu maradhi ya akili, na inafaa kujibu kwa ukweli, kwani ukimya wa namna hiyo unaweza kumzidishia mgonjwa. Ada hakuna, chakula na malazi hugharamiwa na michango ya waliotangulia, na ambaye hajamaliza kozi hata moja mchango wake haupokelewi.