Kitabu cha mafumbo: ukurasa wa "maji" umenitia hasira

Nyota mbili, na hizo ni kwa sababu ya ukurasa wa "mkono". Ningeandika haya jana baada ya ile simu, hata moja nisingetoa.

Ni kitabu cha kujaza visanduku. Kila fumbo limejengwa juu ya neno moja, na majawabu yote lazima yawe na neno hilo ndani, liwe wazi au limefichwa. Nilikinunua dukani Langoni, hapa kwetu Amu (Lamu), nikaenda nacho barazani Mkunguni kwa wenzangu.

Fumbo la "maji" lilianza vizuri mno. "Haachi kutapatapa": MFAMAJI. "Kuni zikiisha": MAJIVU. "Maringo": MAJIVUNO. Vita vya kusini mwa Tanganyika dhidi ya Wajerumani, 1905 hadi 1907: MAJIMAJI. Mzee mmoja akateta kwamba kwetu Amu ni "mai", kwa hiyo visanduku vimezidi. Tukacheka, tukaendelea.

Kisha tukafika hapa: "Bahari isipojaa sana wala kupwa sana." Visanduku sita. Baraza nzima ikajibu kwa sauti moja, maji mafu! Hayaingii, yana herufi nane. Tukabishana mpaka kahawa ikapoa. Kuna aliyeshauri MAJIRA, maana angalau yana "maji" ndani na zile A mbili zinakaa. Tukafungua majawabu: BAMVUA.

Bamvua! Kwanza, "maji" yako wapi humo? Pili, bamvua ni kinyume kabisa. Bamvua ni mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, jua na mwezi vinavuta bahari kwa pamoja. Maji yanajaa pomoni, yakipwa yanaacha madau yamelala ubavu. Maji mafu ni kwenye siku ya 7 na ya 22 tangu mwezi uandame, bahari imetulia. Nahodha wa Pate akipanga kupita mlango wa bahari wa Mkanda kwa elimu ya kitabu hiki, atakwama mchangani na abiria wake. Utangulizi unatupeleka hadi New York, kwa Arthur Wynne na fumbo lake la 1913 kwenye gazeti la New York World. Kushuka gatini kumuuliza mvuvi mmoja kukawashinda.

Nikapiga namba iliyo nyuma ya jalada. Akapokea kijana, hata salamu hakuitikia sawasawa. Nikamweleza polepole.

"Mzee, bamvua si neno la pwani? Basi limefaa."

"Limefaa wapi, mwanangu?"

"Kwani huo ni mtihani?" Akacheka, akakata.

Kosa la kuchapa ningelisamehe. Kicheko kile sikisamehi. Tangu hapo hata karatasi naiona nyepesi, na ile jahazi ya jaladani naona tanga lake limechorwa upande usio wake.

Lakini ukurasa wa "mkono", wallahi, ni mtamu. "Bahili": MKONO WA BIRIKA. "Ndizi": MKONO WA TEMBO. "Wa kuagana": MKONO WA BURIANI. Aliyetunga huu na aliyetunga ule wa maji hawajapata kuonana.

Basi msinunue. Au nunueni, mruke "maji". Nyota ziwe tatu, sawa, tatu. Changu siazimi mtu mpaka nimalize "mkono". Na yule kijana akipita hapa, namba yangu anayo.