Icecast: mwaka mmoja wa kurusha ibada kutoka Moshi

Kwa mwaka mmoja sasa ninarusha mubashara ibada na misiba ya usharika wetu, pembezoni mwa mji wa Moshi, kwa kutumia Icecast, programu huria ya seva ya sauti inayotunzwa na Xiph.Org. Haina malipo wala haihitaji mashine kubwa: tunakodi seva ndogo, nayo haijawahi kulemewa.

Kwa miezi kadhaa wasikilizaji walilalamika kwamba sauti inakatika, nasi tukailaumu seva. Kisha siku moja ya maziko, wakati wana wa marehemu walioko Uingereza wakisikiliza, matangazo yalikatika katikati ya kusoma wasifu wa baba yao, na kompyuta yetu ikawa inakataliwa kila ilipojaribu kuunganika upya. Ujumbe ulikuwa mmoja tu: "Mountpoint in use", yaani nafasi ya matangazo tayari inatumika. Nilipofungua error.log, faili la kumbukumbu za seva, na kulinganisha saa, nilielewa. Intaneti yetu ilipokatika ghafla, seva haikujua, ikaendelea kutushikia nafasi ikiamini tungali hewani mpaka uishe muda wa source-timeout, yaani muda ambao seva humsubiri mrushaji aliyenyamaza. Muda huo kwa kawaida ni sekunde 10, lakini mimi nilikuwa nimeupandisha hadi 60 nikidhani ninaongeza uvumilivu, kumbe nilikuwa nikitufungia nje kwa dakika nzima.

Nimeurudisha kwenye 10, na nimeweka fallback-mount, mpangilio ninaouthamini kuliko yote katika programu hii. Tukikatika, msikilizaji hahitaji kubonyeza chochote: anahamishiwa kwenye faili la muziki wa kinanda linalojirudia, na fallback-override ikiwashwa anarudishwa ibadani pindi tunaporejea. Faili hilo sharti lilingane na matangazo kwa umbizo na kwa kasi ya data, la sivyo baadhi ya simu hunyamaza moja kwa moja.

Jambo la pili lilikuwa kasi ya data ya sauti. Tulianza na kilobiti 128 kwa sekunde, yaani karibu megabaiti 58 kwa saa, mzigo mzito kwa mama anayesikiliza kwa bando la siku. Sasa tunarusha kilobiti 32 za mono, megabaiti 14 na kidogo kwa saa. Icecast humpa kila anayejiunga akiba ya awali ya baiti 65,535. Kwa kasi ya zamani hiyo ilikuwa sauti ya sekunde 4, sasa ni 16, hivyo mtandao ukiyumba kidogo hakuna anayehisi. Kwaya imepoteza utamu wake, na hilo bado linaniuma, lakini mahubiri yanasikika neno kwa neno.

Anayeanza abadilishe kwanza nywila zilizomo kwenye faili la mfano, kwa kuwa zinajulikana duniani kote, na aangalie kikomo cha wasikilizaji 100, ambacho siku ya msiba mkubwa hujaa. Maelezo rasmi yako kwa Kiingereza pekee, na alama moja isiyofungwa ndani ya icecast.xml, faili la mipangilio, huizuia seva kuwaka.

Kwa video simshauri mtu kuitumia. Kwa video inapokea hasa miundo ya WebM na Ogg, haiigawanyi katika vipande vya HLS, njia ya kutuma video vipande vipande, na anayetaka kuonyesha jeneza likishushwa kaburini atafute seva ya RTMP, itifaki ya kurusha video mubashara, pamoja na intaneti ya kupandisha yenye nguvu kuliko hii yetu ya mlimani.